Spoki Thelathini na Sita

Shule ilimrudisha na barua.
Mkuu aliiandika kwa wino mwekundu:
Haketi. Haitiki akiitwa. Huziba masikio mvua ikipiga mabati.
Akiulizwa jina la mama yake
anahesabu nondo za dirisha.

Dada yangu Biira aliikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kitenge, pale anapofunga pesa,
akashuka nayo hadi kibandani kwangu, Bwera.
"Leo kaa naye."

Leo ile ikawa juma. Juma likawa masika na kiangazi chake.

Mimi ni fundi baiskeli, si mwalimu.
Nina nyundo, spana tatu, beseni la kutafutia pancha,
na redio ambayo Ithungu aliizima siku ya kwanza
na hajaniruhusu kuiwasha tena.
Hakunisalimu. Hakunitazama.
Alilitazama gurudumu lililoning'inia kwenye waya,
akalisukuma kwa kidole kimoja,
likazunguka, likazunguka,
na mikono yake ikapigapiga mbavuni
kama kifaranga aliyegundua kuwa ana mabawa.

Wateja walisema yao.
Mmoja: karogwa huyu. Mwingine: ni kiburi tu, mchapeni.
Na mimi, niseme ukweli maana karatasi haina macho,
siku moja nilimfunga mguu kwa mpira wa tairi
asikimbilie barabarani.
Mpira ule bado ninao. Sijautupa.

Siku ya soko akaja mchukuzi wa kahawa kutoka ng'ambo ya Lhubiriha,
gurudumu lake limepinda kama chapati ya juzi.
Nikakaza, nikalegeza. Nikakaza tena.
Jua likanipanda kisogoni.
Ithungu akasogea, akaanza kuzidonoa spoki kwa ukucha,
ting, ting, ting, ting,
bila haraka, kama anayeonja chumvi,
mpaka moja ikajibu: tung.
Akaishika hiyo kama unavyoshika sikio la mtoro.
"Huyu anadanganya," akasema.

Ndiyo sentensi yake ya kwanza kwangu.

Nikaikaza nusu mzunguko. Akatikisa kichwa. Robo.
Akaipata nyingine, na nyingine,
hadi zote thelathini na sita zikasema neno moja
na ringi ikapita kati ya vidole vyangu bila kuvigusa.

Nilipanda kilima mbio hadi kwa Biira, grisi hadi kwenye viwiko.
"Mwanao ana kipaji! Atakula kwa mikono yake!"
Biira alikuwa akichambua maharage.
Hakuinua uso.
"Na asingejua magurudumu, kaka?
Angekuwa nani kwako?"

Nilitafuta jibu mpaka chai ikaota ngozi.

Sasa nimejifunza machache.
Kabla ya kugonga nasema, "Nyundo," nasubiri, kisha nagonga.
Mvua ikianza tunahamia jikoni nyuma,
chini ya nyasi, ambako mvua huongea kwa sauti ya chini.
Simshiki bega. Simlazimishi macho;
ananisikiliza vizuri zaidi akitazama mnyororo.

Zipo siku hagusi spoki hata moja.
Analala juu ya tairi kuukuu, ananguruma kooni,
wimbo wa noti moja tu, tangu asubuhi hadi adhuhuri,
na mteja akiuliza, "Fundi mdogo hafanyi kazi?"
namwambia akae, angoje, au aende zake.
Kule shuleni jina lake limepigwa mstari.
Hapa, katika daftari la madeni na pancha,
kila asubuhi naandika juu kabisa, kabla ya shilingi yoyote:
Ithungu yupo.

Jana aliiwasha redio.
Kidogo sana, mtu angedhani ni nzi kwenye kopo.
Akasikiliza, akatazama sikio langu,
akaizima.